Mwalimu wa Bukavu: kutoka diploma hadi pensheni, ngazi iko wapi?

Kila tarehe 30 Aprili, Kongo inaadhimisha siku ya taifa ya elimu. Mjini Bukavu watoto huleta zawadi ndogondogo, walimu wanacheza mpira na wanafunzi, wakubwa wanasoma hotuba, na kila mtu anakumbusha kwamba bila mwalimu hakuna daktari wala gavana. Siku inayofuata, tarehe 1 Mei, ni sikukuu ya kazi. Hapo ndipo swali linarudi: huyu mwalimu aliyepewa pongezi jana, je, anahesabiwa kweli kama mfanyakazi?

Swali hilo si la mchezo. Katika shule za serikali kuna walimu wanaoamka kila asubuhi, wanaandaa masomo, wanasahihisha makaratasi na kusaini daftari la mahudhurio, lakini jina lao haliko kwenye listi ya mshahara. Wengine jina liko lakini makuta hayatoki. Wengine walianza na diploma ya sekondari, wakaenda kusoma zaidi, wakarudi na lisansi, na bado wanalipwa kama siku ile ya kwanza.

Makala hii inaeleza ngazi ya kazi ya ualimu mjini Bukavu: namna mtu anavyoingia, namna anavyolipwa, namna anavyopanda, na mahali ambapo ngazi inavunjika.

Nani anaruhusiwa kufundisha?

Kwa shule ya msingi, mlango wa kawaida ni Diploma ya Serikali ya seksioni ya pedagojia. Watu wa kazi wanaiita D6, kwa sababu zamani sekondari ilihesabiwa miaka sita baada ya shule ya msingi. Mwanafunzi wa seksioni hiyo anajifunza saikolojia ya mtoto na namna ya kuandaa somo, na anafanya mazoezi ya kufundisha mbele ya darasa la kweli. Akifaulu mtihani wa serikali (EXETAT), anaweza kusimama mbele ya watoto akiwa hata hajafikisha miaka 20.

Kwa sekondari inatakiwa kusoma zaidi. Kuna graduwa, yaani G3, mtu wa miaka mitatu ya chuo, na kuna lisansi, yaani L2, aliyeongeza miaka miwili. Kwa sasa vyuo vimeingia katika mfumo wa LMD, lakini kwenye dosye za walimu herufi hizi za zamani bado ndizo zinazotumika: D6, G3, L2. Herufi hiyo moja na namba yake ndiyo inasema mwalimu ataanza kwenye mshahara gani.

Chuo kinachotoa walimu wengi wa sekondari mjini ni ISP Bukavu, chuo cha juu cha ualimu. Humo watu wanasoma hesabu, fizikia, Kifaransa, Kiingereza, historia, biolojia na kadhalika, wakijua kwamba kazi inayowangoja ni chaki. Lakini si walimu wote wanatoka huko. Wengi walisoma sheria, uchumi au maendeleo ya vijiji, wakakosa kazi, wakaingia darasani. Kwa wengine hiyo ni kituo cha kungoja gari. Kwa wengine gari halikuja, wakazoea, na leo ni walimu wazuri.

Kuajiriwa si kulipwa

Sehemu hii ndiyo inawachanganya wazazi na hata vijana wanaoanza kazi. Kongo ina shule za aina nyingi. Kuna zile zinazosimamiwa na serikali yenyewe. Kuna za mkataba, yaani za serikali lakini zinaongozwa na dini: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na wengine. Halafu kuna za binafsi. Bukavu ni mji wa shule za mkataba. Familia nyingi zimepita kwa mapadri, masista au wachungaji. Katika shule hizo dini ndiyo inapendekeza nani afundishe na nani aongoze, lakini mshahara unatoka kwa serikali.

Ili mwalimu wa shule ya serikali au ya mkataba alipwe, mambo kadhaa yanapaswa kukubaliana.

Kwanza, shule yenyewe iwe imekubaliwa kwa barua ya wizara, yaani arete. Lakini arete peke yake haitoshi. Shule inapaswa pia kuingizwa kwenye mashine ya malipo na kuwekewa nafasi katika bajeti ya nchi. Kuna shule zenye arete mkononi lakini hazina bajeti. Mwalimu wa shule kama hiyo anaweza kuwa na diploma safi na bado asilipwe, ju kosa haliko kwake, liko kwa shule.

Pili, darasa lenyewe liwe linatambuliwa. Direkta akigawa darasa la kwanza kuwa mawili kwa sababu watoto wamezidi, darasa la pili halijulikani Kinshasa mpaka litakapokubaliwa. Mwalimu anayewekwa humo anaanza kazi bila nafasi.

Tatu, mwalimu awe na barua ya kupangwa kazi, na dosye yake ipande kutoka shule hadi biro ya elimu ya eneo au kordinasyo ya dini, halafu ifike kwa idara inayohesabu walimu na kuandaa malipo. Kwa miaka mingi idara hiyo iliitwa SECOPE, na watu wengi bado wanaiita hivyo. Siku hizi jina lake ni DINACOPE. Ndiyo inampa mwalimu matrikile, ile namba ya kazi.

Nne, baada ya matrikile, jina liingie kwenye listi ya mshahara. Hapa tena kuna mto wa kuvuka.

Ndiyo maana katika lugha ya walimu kuna makundi mawili ambayo kila mtu anayajua. NU ni walimu wapya ambao bado hawajaingizwa kwenye mashine. NP ni wale ambao wana matrikile lakini hawalipwi. Neno «mpya» lisikudanganye: mtu anaweza kuitwa mpya miaka na miaka, mpaka wanafunzi wake wa kwanza wanarudi shuleni kuandikisha watoto wao. Kuna pia waliokuwa wanalipwa, halafu mwezi mmoja jina likatoka kwenye listi, na kulirudisha kukawa safari ya miezi.

Wakati huohuo, listi ile inayokataa watu wa kweli imewahi kubeba watu wa uongo. Baada ya elimu ya bure kuanza, wakaguzi wa IGF, ofisi kuu inayokagua makuta ya serikali, walifichua shule na walimu hewa waliokuwa wanalipwa. Kwa mwalimu wa NU anayefundisha Cimpunda au Panzi bila kitu, hilo lilikuwa tusi. Kila jina la uongo linakula nafasi ya mtu aliye darasani.

Primu: namna wazazi walivyobeba shule

Ili kuelewa hali ya leo, inafaa kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizichukua shule za dini. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na dini na kuwarudishia uongozi wa shule zao, na hapo ndipo jina la «shule za mkataba» lilipotoka. Serikali ilibaki na kazi ya kulipa.

Miaka ya 1990, uchumi wa Zaire ulipoanguka, mshahara wa mwalimu uligeuka karatasi. Walimu waligoma na shule zikafungwa. Ili watoto wasipoteze maisha yao, kanisa Katoliki na wazazi walikubaliana kwamba wazazi watamwongezea mwalimu kitu. Kitu hicho ndicho kikaitwa primu. Kilianza kama msaada wa muda, kikadumu karibu miaka 30.

Primu iliokoa shule, hilo lisisahaulike. Lakini ilizaa mambo mengine. Mtoto ambaye mzazi hajalipa alirudishwa nyumbani, wakati mwingine katikati ya mtihani. Mwalimu wa shule kubwa ya katikati ya mji, ambako wazazi wana uwezo, alipata primu iliyopita mshahara wa serikali. Mwenzake wa kijijini Kalehe au Shabunda, mwenye diploma ileile, alipata kidogo sana. Hivyo kila mtu alitaka kufundisha mjini, na vijijini wakabaki wale wasio na njia. Primu pia haikukaa darasani tu: sehemu yake ilipanda kwenye mabiro ya juu.

Mara nyingi serikali iliahidi kurekebisha mshahara. Februari 2004, wajumbe wake na sendika za wafanyakazi wa serikali walikubaliana huko Mbudi, karibu na Kinshasa, kwamba mfanyakazi wa chini kabisa apate dola 208 kwa mwezi. Makubaliano hayo hayakutekelezwa yote. Hadi leo, mwalimu mzee ukimtajia Mbudi anatikisa kichwa tu.

Septemba 2019: elimu ya bure

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ikarudia jambo hilo. Lakini ni katika mwaka wa shule ulioanza Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, ndipo ada ya shule ya msingi iliondolewa kwa kweli.

Kwa wazazi wengi wa Kadutu, Bagira na Ibanda ilikuwa pumzi. Watoto waliokuwa wanauza mandazi na maji ya sashe walirudi darasani. Madarasa yakajaa. Palipokuwa na watoto 40 pakawa na 80, na katika shule nyingine za nchi wakapita 100. Ubao mmoja, mwalimu mmoja, kiti kimoja kwa watoto wanne.

Kwa walimu, jambo lilikuwa na pande mbili. Serikali iliongeza mshahara na kuingiza sehemu ya NU kwenye listi. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa na primu ndogo aliona afadhali. Lakini mwalimu wa shule ya msingi yenye jina katikati ya Bukavu alipoteza primu yake usiku mmoja, na nyongeza ya serikali haikuziba lile shimo. Na mwalimu wa NU alipoteza kila kitu: primu ndiyo ilikuwa mshahara wake wote. Ndiyo maana Bukavu, mji ambao ungetarajiwa kushangilia, ulishuhudia migomo.

Sekondari haikuingia katika elimu ya bure. Huko wazazi wanaendelea kulipa, na mwalimu wa sekondari anaendelea kungoja mambo mawili: serikali ilipe na mzazi alipe. Mmoja akikwama, jikoni kunaonekana.

Kati ya mshahara na mshahara

Kuanzia miaka ya 2011 na 2012, serikali ilianza kulipa walimu kupitia benki, ili kila mtu apate chake bila kupitia mikononi mwa wengi. Mjini ilisaidia. Vijijini, mwalimu alilazimika kutembea siku nzima au mbili kufuata malipo, na sehemu ya mshahara ikaishia njiani. Kwa maeneo yasiyo na benki, Caritas ilipewa kazi hiyo kwa miaka kadhaa.

Mshahara ukichelewa, mwalimu anaingia katika njia zake. Kuna likirimba, ambapo wenzake wa shule wanachanga na kila mwezi mmoja anabeba. Hiyo ni nzuri, maana inamlazimisha mtu kuweka akiba. Kuna ile inayoitwa Banque Lambert, mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, ambapo wengine huacha hata kadi ya benki kama rehani. Mwalimu aliyeingia humo anafundisha mwezi mzima kwa ajili ya mtu mwingine. Kuna kufundisha watoto nyumbani kwao saa za jioni. Kuna duka dogo, shamba Kabare au Walungu, pikipiki ya kukodisha.

Hakuna aibu katika kazi hizo. Lakini zina bei yake darasani. Somo linaandaliwa usiku wa manane kwa mwanga wa simu, na mazoezi yanapunguzwa kwa sababu hakuna saa za kusahihisha. Mtoto hajui habari ya listi ya mshahara. Yeye anaona tu mwalimu amechoka.

Kupanda: ngazi inayotoka darasani

Je, mwalimu anayelipwa anapandaje? Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni masomo. Mwenye D6 anaweza kuingia ISP au chuo kingine, akawa G3 au L2, kama ratiba ya shule yake inamruhusu na kama ana makuta ya ada. Wengi wa Bukavu wanafanya hivyo kwa kujinyima. Shida inakuja baadaye. Diploma mpya haibadilishi mshahara yenyewe. Inabidi mwalimu apeleke dosye ya kubadilisha daraja, na dosye hiyo inafuata njia ileile ya shule, biro na Kinshasa. Inaweza kuchukua miaka.

Ya pili ni cheo. Mwalimu wa msingi anaweza kuwa direkta. Wa sekondari anaweza kuwa mkuu wa masomo, halafu prefe. Juu yao kuna washauri wa elimu katika kordinasyo, wakuu wa biro za eneo, na juu kabisa mkuu wa jimbo la elimu, anayeitwa Proved. Bukavu iko katika jimbo la elimu la Sud-Kivu 1. Katika shule za mkataba, dini inapendekeza na serikali inathibitisha. Ndiyo sababu malalamiko hayakosekani: huyu amepewa kwa sababu ni mtu wa parokia, yule kwa sababu ni wa kabila fulani. Na mara nyingine mtu anapewa cheo, lakini malipo ya cheo hayafuati, anabaki prefe kazini na mwalimu wa kawaida kwenye listi.

Ya tatu ni ukaguzi. Inspekta anatoka kati ya walimu wenye uzoefu, kupitia mashindano na mafunzo. Kazi yake ni kutembelea madarasa, kutoa alama na kushauri. Lakini mashindano hayafanyiki kila mwaka, na inspekta mwenyewe mara nyingi hana usafiri wa kufika shule za mbali.

Ukiziangalia njia hizi vizuri, utaona jambo moja. Cheo na ukaguzi vinamtoa mwalimu darasani, na hata masomo ya juu yanamtoa mwalimu wa msingi na kumpeleka sekondari. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza, yule anayejua kumfundisha mtoto wa miaka sita kushika kalamu na kusoma, hana ngazi ya kupanda akiwa palepale. Akitaka maisha bora, aache kile anachokiweza kuliko wote.

Nchi nyingine zimejaribu kutenganisha mambo hayo. Kenya, tume ya walimu (TSC) inamsajili kila mwalimu aliyehitimu na kumpa namba hata kabla ya kuajiriwa, na tena hata wa shule za binafsi. Ngazi zake za kupanda zina nafasi kwa mwalimu mwandamizi anayeendelea kufundisha. Huko pia kuna migomo na manung'uniko, walimu wa mikataba ya muda wanalia kila mwaka. Lakini namba inasema «huyu ni mwalimu», haingoji bajeti.

Kujifunza ukiwa kazini

Mafunzo ya kazini yapo. Kila shule inatakiwa kuwa na kikundi chake cha walimu kinachokutana: mmoja anatoa somo la mfano, wengine wanalichambua bila kumdharau. Shule za jirani pia zinaweza kukutana na kubadilishana ujuzi. Palipo na direkta mwenye moyo, vikundi hivi vinamsaidia mwalimu mchanga kuliko semina kubwa ya hoteli.

Jambo moja linalohitaji mafunzo zaidi ni lugha. Sheria ya 2014 inakubali lugha za taifa kutumiwa katika kufundisha watoto wadogo, na kwa Bukavu hiyo ni Kiswahili. Lakini mwalimu mwenyewe alijifunza ualimu wake wote kwa Kifaransa. Anajua kueleza kujumlisha na kutoa kwa Kiswahili cha sokoni Nyawera, lakini akitafuta neno sahihi la sarufi au la jiometri, anakwama. Watoto wengine nao wanakuja na Mashi kutoka nyumbani. Mwalimu anapita kati ya lugha tatu katika saa moja, na kazi hiyo haionekani kwenye ripoti yoyote.

Shule za binafsi na haki za wanaofundisha humo

Baada ya 2019 wazazi wenye uwezo walihamisha watoto kwenda shule za binafsi, na walimu nao wakafuata. Baadhi ya shule hizo zinalipa vizuri na kwa wakati. Nyingine zinalipa miezi ya masomo tu, na likizo kubwa mwalimu anajijua. Makubaliano mara nyingi ni ya mdomo.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamlinda mwalimu huyu. Mkataba unatakiwa uandikwe. Mwajiri anatakiwa kumwandikisha mfanyakazi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS. Mwanamke aliyejifungua ana haki ya mapumziko ya wiki 14. Hili la mwisho ni la maana sana, ju walimu wa shule za watoto wadogo karibu wote ni wanawake, wakati kwenye viti vya madirekta na maprefe wanaume bado ndio wengi.

Mgomo wa 2024, halafu vita

Mwaka 2021, baada ya mgomo mwingine, serikali na sendika zilikutana Bibwa, Kinshasa, na kufikia makubaliano juu ya mishahara. Kama Mbudi, mengi yalibaki kwenye karatasi. Septemba 2024, mwaka wa shule ulipoanza, walimu wa shule za serikali na za mkataba Kivu Kusini walikataa kuingia madarasani. Sendika kama SYNECAT, ya walimu wa shule za Katoliki, na SYECO zilidai mshahara ufike dola 500 za Marekani kwa mwezi, na NU wote walipwe. Wiki zikapita, watoto wako nyumbani, huku wale wa shule za binafsi wakipita na mifuko yao mgongoni.

Masomo yaliporudi, hayakutulia. Katikati ya Februari 2025, mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23. Shule zilifungwa, serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na benki zikafunga milango. Mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa umeingia benki aliuona kwa mbali tu. Aliyeweza kupata kupitia simu alikatwa tume ya kutoa. Shule zilipofunguliwa tena, walimu walirudi, na wazazi wakapeleka watoto wao pole pole.

Watoto wa mwaka huo walipoteza masomo mara mbili, kwanza kwa mgomo, halafu kwa vita. Mwalimu ndiye aliyebaki na kazi ya kufukuza muda uliopotea.

Mwisho wa ngazi

Wakati wa kustaafu, mwalimu anatazamia pensheni na malipo ya mwisho wa kazi. Wengi wanaogopa siku hiyo kuliko siku yoyote, kwa sababu wamewaona wenzao wakiondoka na barua ya shukrani tu. Hivyo mzee anaendelea kushika chaki hata macho yakikataa. Asipoondoka, nafasi haifunguki, na kijana aliye NU anaendelea kungoja nyuma yake. Hapo ndipo mwanzo na mwisho wa ngazi vinapokutana: mzee hatoki kwa sababu hakuna pensheni, kijana haingii kwa sababu mzee hajatoka.

Yale mwalimu anayeanza anapaswa kuchunga

Mambo mengi hayako mikononi mwa mwalimu. Karatasi zake ziko. Walimu wenye uzoefu wanawaambia wachanga haya:

- Kabla ya kukubali kazi, uliza kama shule ina arete, kama iko kwenye bajeti, na kama darasa unalopewa linatambuliwa.
- Omba barua ya kupangwa kazi siku ya kwanza, yenye tarehe, sahihi na muhuri. Miaka ya kazi itahesabiwa kutoka hapo.
- Tunza nakala ya kila kitu: diploma, barua, alama za kila mwaka, ripoti za inspekta, vipande vya malipo. Nakala moja iwe nje ya nyumba, ju mji wa Bukavu unajua moto na unajua maporomoko ya udongo.
- Ukipeleka dosye, rudi na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Dosye isiyo na muhuri ni kama haikupelekwa.
- Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye diploma, kitambulisho na matrikile. Herufi moja inaweza kuzuia mshahara.
- Ingia katika sendika na hudhuria mikutano. Mtu peke yake kwenye dirisha la biro anaambiwa «rudi kesho».
- Kama uko shule ya binafsi, dai mkataba ulioandikwa na uulize kuhusu CNSS.

Wazazi nao wana nafasi yao. Kamati ya wazazi inaweza kumwuliza direkta ni walimu wangapi wa shule hawalipwi, na kuliweka jambo hilo wazi mbele ya wakubwa. Mzazi anayejua kwamba mwalimu wa mtoto wake ni NU ataelewa kwa nini alama zimechelewa, na pengine ataacha kusema tu kwamba walimu wa siku hizi ni wavivu.

Tarehe 30 Aprili ijayo watoto wa Bukavu wataleta tena zawadi zao. Mwalimu atazipokea kwa furaha, maana zinatoka moyoni. Ila zawadi anayoingoja zaidi haiwezi kubebwa na mtoto: jina lake kwenye listi.